Inhela ya Bluu Peke Yake Si Matibabu, Wacheni Kudanganya Watu

Wasee, leo nimekuja kugombana, na nagombana na watu watatu kwa mpigo. Wa kwanza ni muuza dawa anayetoa inhela ya bluu kama anauza kredo. Wa pili ni auntie wa mtaa anayesema inhela "inazoesha mwili", kwa hivyo wachana nayo kabisa. Wa tatu ni mkubwa wa afya anayeona ni sawa zahanati kuwa na salbutamol peke yake, halafu anatuambia pumu inatibiwa.

Pumu, asma, iite unavyotaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka wa 2019 watu milioni 262 walikuwa nayo, na watu 455,000 walikufa kwa sababu yake. Wengi wa hao wanaokufa wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu. Si eti mapafu yetu ni mabovu kuliko ya mtu wa Sweden. Shida ni kwamba huku mtu anapewa nusu ya dawa na anaambiwa aende nyumbani, ameshapona.

Na kabla mkimbie kwa komenti kuuliza degree yangu iko wapi: niliacha chuo, sikuacha kusoma. Na hii pumu ninayo mimi, sio hicho chuo.

Tuanze na vitu vyenyewe. Kuna inhela ya bluu, salbutamol, ile wengi tunaiita Ventolin hata kama si ya hiyo kampuni. Hiyo inalegeza misuli iliyobana njia za hewa. Unavuta, dakika chache kifua kinafunguka, na kazi yake inaisha baada ya saa 4 hadi 6. Halafu kuna inhela ya steroidi, kama beclometasone au budesonide. Mara nyingi ni ya kahawia au rangi nyingine, lakini usiamini rangi, soma jina. Hiyo haifungui kifua papo hapo. Kazi yake ni kupunguza ule uvimbe ulio ndani ya njia za hewa, na inachukua siku kadhaa hadi wiki kabla uione vizuri.

Sasa sikiza. Pumu si ugonjwa wa misuli kubana tu. Misuli inabana kwa sababu njia za hewa zimevimba na zimekuwa na hasira. Zikikutana na vumbi, moshi wa mathree, jiko la makaa ama baridi ya Julai, zinafunga. Ya bluu inafungua mlango. Moto ulio ndani ya nyumba haiugusi. Ukiitumia peke yake kila siku, unafungua mlango wa nyumba inayoungua na unajipongeza kwa sababu moshi umepungua.

Hiyo ni shida ya kwanza. Ya pili watu hawaijui, na ndiyo imenifanya niandike.

Salbutamol haifanyi kazi kwa miujiza. Kwenye ukuta wa seli za misuli ya njia za hewa kuna protini zinaitwa vipokezi, na hivi tunavyoongelea ni vipokezi vya beta-2. Kila kimoja kimejipinda kikapita ukuta wa seli mara 7, upande mmoja uko nje, mwingine ndani. Dawa inashika upande wa nje, kipokezi kinajigeuza umbo, kinaamsha protini ya ndani inayoitwa protini-G, na hiyo inaanzisha mlolongo wa ujumbe unaoambia misuli ilegee. Mwili wako uliunda vipokezi hivi kwa ajili ya adrenalini. Salbutamol imekuja tu kubonyeza kengele ambayo tayari iko mlangoni.

Fikiria geti la ploti na soja wake. Mtu akibonyeza kengele mara moja, soja anatoka, anafungua. Lakini mtu akikaa hapo anabonyeza asubuhi hadi usiku, wiki nzima, soja atafanya nini? Kwanza atakata waya: kitufe kiko, lakini ukibonyeza hakuna kinacholia. Ukiendelea, atang'oa kitufe akiweke ndani kwa droo. Ukiendelea zaidi, atatupa vitufe vingine na hatanunua vipya.

Seli inafanya hivyo hivyo, kwa mpangilio huo huo. Dakika chache baada ya kipokezi kuchochewa, vimeng'enya vya ndani vinakibandika alama za fosfati. Protini nyingine, arrestini, inakuja kukikalia pale pale ambapo kilikuwa kinashikana na protini-G. Waya umekatwa. Kisha kipokezi kinavutwa ndani ya seli. Vingine vinasafishwa na kurudishwa nje, na hapo ndipo mapumziko yanasaidia. Lakini uchochezi ukiendelea kwa masaa na siku, vingine vinapelekwa kusagwa, na seli inapunguza hata maagizo ya kutengeneza vipya. Dozi ni ile ile na bomba ni lile lile, ila kengele zimepungua ukutani.

Na hii si stori ya WhatsApp. Robert Lefkowitz na Brian Kobilka walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2012 kwa kazi yao juu ya familia hii ya vipokezi, na kipokezi cha beta-2 kilikuwa katikati ya hiyo kazi. Seli kuchoka na dawa si kukosa nidhamu, si laana, si "umeizoea kwa akili". Ni seli inajilinda isipigiwe kelele bila mwisho.

Sasa kuna kitu hapo cha kushtua. Misuli yenyewe ya njia za hewa ni sugu kiasi, haichoki haraka sana. Kinachopungua mapema zaidi ni kinga. Yaani majaribio yalionyesha kwamba watu waliotumia dawa za aina hii mara kwa mara, kila siku, bado walivuta na kifua kikafunguka, lakini uwezo wa dawa kuwakinga dhidi ya vitu vinavyobana kifua, kama vizio na mazoezi, ulikuwa umeshuka. Umeelewa hatari yake? Unavuta, unasikia fiti, unasema "bado inafanya". Kumbe ile ngao ishatoboka. Siku utakayokutana na kitu kikali, vumbi la kufagia stoo ama homa ya mafua, ndiyo utajua.

Kuna mtu atasema natisha watu bure. Sawa, twende kwenye historia.

Miaka ya 1960, Uingereza kulikuwa na inhela za isoprenaline, nyingine za dozi kubwa sana, na watu walikuwa wanajinunulia bila karatasi ya daktari. Vifo vya pumu vikapanda, hasa kwa vijana. Mwisho wa hiyo miaka ya 60 serikali ikatoa onyo na kufunga huo mwanya wa kujinunulia, na vifo vikashuka. Halafu New Zealand, mwaka wa 1976, ikaingia dawa nyingine kali ya jamii hii, fenoterol. Vifo vikapanda tena. Mwaka wa 1989 watafiti wakachapisha ushahidi uliohusisha fenoterol na vifo hivyo, matumizi yakabanwa, vifo vikashuka tena. Wanasayansi walibishana miaka mingi ni nini hasa kiliua: ni moyo kupigwa na dozi kubwa, ni vipokezi kuchoka, ama ni watu kuchelewa hospitali kwa sababu bomba liliwapa nafuu ya uongo? Pengine ni mchanganyiko. Na salbutamol si fenoterol, ni pole zaidi. Lakini somo ni lile lile: dawa inayokupa nafuu haraka inaweza kukuficha ugonjwa unaokua.

Mnataka za karibuni? Mwaka wa 2014 Uingereza walichapisha uchunguzi wa vifo vya pumu, kimoja kimoja. Kati ya watu 165 waliokufa ambao rekodi zao za inhela za nafuu zilipatikana, 65 walikuwa wameandikiwa zaidi ya 12 katika mwaka mmoja kabla ya kufa. 6 kati yao walikuwa wameandikiwa zaidi ya 50. Hao walikuwa na dawa mkononi. Dawa haikukosekana kabisa, ilikosekana ile ya kuzima moto.

Piga hesabu na mimi. Kopo moja la bluu lina mivuto 200. Makopo 12 kwa mwaka ni mivuto 2,400, karibu 7 kwa siku. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unasema ukifikisha makopo 3 kwa mwaka hatari ya kuzidiwa inapanda, na ukifikisha 12 hatari ya kufa inapanda. Makopo 3 ni chini ya mivuto 2 kwa siku! Niambie ni watu wangapi unawajua wanamaliza kopo kila mwezi na wanajiita "niko poa, nina inhela yangu".

Na ndio, najua ubishi unaokuja: huenda watu wanaotumia bluu nyingi wanakufa kwa sababu pumu yao ni kali, si kwa sababu ya bomba. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Kutumia sana ni dalili kwamba moto ni mkubwa. Lakini hiyo inanipa haki, hainiangushi. Kama kopo la tatu ni king'ora, mbona muuzaji anasikia king'ora na anatoa chenji tu?

Tarudi kwa auntie. Auntie, kwa heshima zote, una nusu ya ukweli. Mwili kweli unazoea dawa. Lakini umeshika inhela isiyo yenyewe. Huku mtaani tunaogopa ya steroidi. Tunasikia "steroidi" tunawaza misuli ya jimu, kunenepa uso, mifupa kuisha, mtoto kudumaa. Tunaitupa. Tunabaki na ya bluu kwa sababu inaonekana mpole. Sasa angalia vile mambo yako: ya bluu ndiyo vipokezi vyake vinachoka ukiitumia kila siku. Na ya steroidi, pamoja na kuzima uvimbe, inachochea seli kutengeneza vipokezi vya beta-2 zaidi. Inaandikia lile agizo ambalo seli ilikuwa imelipunguza. Inamrudishia soja kengele zake. Ile mnayoogopa ndiyo inafanya ile mnayoipenda iendelee kufanya kazi.

Na kuhusu dozi: mvuto wa budesonide mara nyingi ni mikrogramu 100 au 200, unaenda moja kwa moja kwenye mapafu. Kidonge kimoja cha prednisolone cha miligramu 5 ni mikrogramu 5,000, kinazunguka mwili mzima. Nguvu za hizo dawa mbili si sawa kwa hivyo usifanye mlinganisho wa kopo kwa kidonge, lakini unaona tofauti. Mtu anayekataa inhela ya steroidi halafu anazidiwa mara nne kwa mwaka anaishia kupewa steroidi za kumeza, kwa dozi kubwa, mara nne. Alikimbia steroidi kwa mlango wa mbele akakutana nayo nyuma ya nyumba. Inhela ina madhara, ndio: sauti kukwaruza, utando mweupe mdomoni. Ndio maana unasukutua mdomo na maji na kutema kila ukimaliza kuvuta. Mtoto kukua polepole kidogo kunaweza kutokea, na daktari anafuatilia. Pumu isiyotibiwa nayo haimfanyi mtoto akue vizuri.

Muuza dawa, sasa ni zamu yako. Najua unauza ili ule. Najua mteja akija anahema huwezi kumfanyia mahojiano. Mpe, haraka. Lakini akitulia, swali ni moja tu: "Hii ni ya ngapi tangu Januari?" Mimi nimenunua ya bluu kemisti tofauti mtaani miaka na miaka. Nimeulizwa kama nina chenji. Hilo la pili sijawahi kuulizwa. Unajua wateja wako kwa majina, unajua nani ana deni, huwezi kushindwa kujua nani amemaliza makopo matano.

Na wakubwa. Mwaka wa 2019 GINA ilibadilisha msimamo wake kabisa: mtu mzima au kijana kuanzia miaka 12 mwenye pumu asitibiwe kwa bomba la nafuu peke yake, hata kama pumu yake ni ndogo. Mwaka mmoja kabla, utafiti mkubwa uliolinganisha watu waliotumia bomba la nafuu peke yake na waliotumia mchanganyiko wa budesonide na formoterol wakati wa kubanwa ulionyesha mchanganyiko ulipunguza mashambulizi makali kwa zaidi ya asilimia 60. Yaani kila unapotafuta nafuu, steroidi inaingia pamoja nayo. Budesonide iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, peke yake na ikiwa na formoterol. Hizi si dawa za anasa. Inhela ya kwanza ya beclometasone iliingia sokoni 1972. Ina umri wa kuwa babu wa wengine hapa.

Kwa hivyo wakuu msituambie "elimisheni jamii" halafu mtu akielimika anafika dirishani anaambiwa ziko za bluu tu, za steroidi akanunue nje. Hiyo elimu itanunua nini? Kijana wa boda akilinganisha bei, ya bluu ni nafuu na inafanya kazi sasa hivi. Ya steroidi ni ghali zaidi na hasikii chochote siku ya kwanza. Mtamlaumu akichagua ya bluu? Mimi siwezi. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 na tukaahidiwa mambo makubwa. Swali la kuipima ni dogo sana: mtu wa pumu akienda zahanati ya kata yake leo, anatoka na inhela ya steroidi mkononi, ndio ama la? Muulizeni MCA wako hilo. Wanaomba kura hapa hapa tunapohema.

Basi ufanye nini wewe unayesoma hii ukiwa na kopo la bluu mfukoni?

Kwanza, usilitupe. Usithubutu. Ukibanwa, ya bluu ndiyo itakufikisha hospitali. Tembea nayo. Sijasema ni sumu, nimesema haitoshi.

Pili, hesabu. Kama unaivuta zaidi ya mara mbili kwa wiki, au unaamka usiku kwa kubanwa, pumu yako haijadhibitiwa, hata kama unacheza mpira na unacheka. Andika tarehe kwenye kopo na kalamu siku unalifungua. Nenda kliniki na hiyo tarehe, useme wazi: "Natumia makopo kadhaa kwa mwaka. Nataka inhela ya steroidi ama mchanganyiko." Usijipangie dozi kutoka kwa posti yangu.

Tatu, ya steroidi unaitumia vile ulivyoandikiwa, hata siku uko sawa. Uko sawa kwa sababu unaitumia.

Nne, kama huna ile chupa ya kuwekea inhela ili dawa isiishie kooni, uliza kuhusu chupa ya plastiki ya nusu lita. Utafiti uliofanywa Cape Town na kuchapishwa 1999 ulionyesha kwa watoto chupa ya soda ya mililita 500, ikitobolewa vizuri chini ili inhela iingie kwa kubana, ilifanya kazi sawa na ile ya dukani. Mwambie nesi akuonyeshe vile inatengenezwa.

Tano, na hii ishike kabisa: ukivuta ya bluu na nafuu haifiki masaa manne, ama huwezi kumaliza sentensi kwa kuhema, ama midomo inabadilika rangi, hiyo si ya kungoja asubuhi. Endelea kuvuta ukienda hospitali, na mtu akusindikize.

Kubanwa mbele ya watu si aibu, na kutoa inhela kwa mathree si udhaifu. Aibu ni ya wale wanaojua kengele zinaisha ukutani na bado wanakuuzia kidole cha kubonyezea.

Kama una beshte anayemaliza kopo kila mwezi, mtumie hii leo. Halafu muulize: hii ni ya ngapi tangu Januari?